Ukisafiri, Aga

"Mwanangu, sisi tulidhani unahama."

Ndivyo alivyoniambia mama jirani yangu hapa Uyole, Julai ile niliporudi kutoka msibani Kyela nikakuta sebule nyeupe, haina kitu. Anasema saa nne asubuhi, jua limeshatoka, kirikuu ilirudi kinyumenyume hadi getini. Vijana wawili wakapakia runinga, mtungi wa gesi, godoro na magunia manne ya mahindi. Mmoja alimwamkia mama vizuri tu. Kilichomuudhi mama ni kwamba nahama bila kuaga!

Na kweli sikuaga. Nilifuata ushauri tunaopeana kila siku: safari ni siri, kikulacho ki nguoni mwako. Nikatia kufuli kubwa getini, nikaacha taa ya barazani inawaka, nikadandia Coaster ya alfajiri. Siku nne.

Ushauri ule siutaki tena. Siri yangu walifichwa majirani peke yao. Mwizi hangoji kuambiwa, anasoma nyumba. Kufuli linaloning'inia kwa nje linamwambia wenyewe hawapo. Taa inayowaka saa saba mchana inamwambia hawapo tangu jana. Na huku kwetu ipo alama nyingine: Juni na Julai, baridi ikiuma, jiko la mkaa linawashwa uani kabla watu hawajanawa uso. Ua usiofuka moshi asubuhi tatu mfululizo, hata mpita njia anajua.

Chupa juu ya ukuta? Ninazo. Kirikuu ilipitia getini.

Taa nimebadilisha, nimeweka ya sola inayojiwasha giza likiingia na kujizima kukikucha. Hata umeme wa luku ukiisha haina neno. Kufuli nimeliondoa, geti lina kitasa. Risiti za vitu vya umeme sasa zinakaa kwa dada yangu, maana polisi waliponiuliza risiti ya runinga nilikumbuka kuwa niliwashia jiko. (Kanuni ya Adhabu inamwekea mvunja nyumba wa usiku hadi miaka 20 jela, wa mchana 14. Vijana wangu walichagua saa vizuri.)

Lakini kubwa ni kwamba naaga. Siyo kwenye status ya WhatsApp, huko ni kumwagia mtaa mzima. Namwambia mama jirani na balozi wetu wa nyumba kumi, basi: naenda mahali fulani, narudi siku fulani, na sijamtuma mtu yeyote kuja kuchukua kitu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yangeisimamisha ile kirikuu. Mama ana sauti ya kuita watu mpaka stendi.

Ufunguo wa geti namwachia yeye. Wa mlango nasafiri nao, sijawa mtakatifu kiasi hicho. Ua wangu una sakafu ya saruji, wa kwake ni udongo, kwa hiyo msimu wa mavuno anaanika mahindi yake kwangu, na wajukuu wanashinda hapo wakifukuza kuku. Nyumba ina kelele kuliko nikiwepo mwenyewe.

Mwaka jana nilirudi kutoka Makambako siku mbili kabla ya ahadi. Turubai limetanda uani, pa kukanyaga hakuna, na mama amekaa kwenye ngazi yangu anapukuchua. Akaniangalia mimi, akaliangalia begi.

"Mbona umewahi? Hayajakauka haya."