Iruke rangi pinzani, chukua majirani zake

Rangi kali sina ugomvi nazo. Ninachopinga ni mtindo wa kuchukua rangi mbili zinazotazamana kwenye duara la rangi, yaani mchoro unaozipanga rangi kwa mzunguko, zote zikiwa na makali yake yote, na kuzigawia bango nusu kwa nusu. Maandishi mekundu juu ya kijani yanamchezea msomaji machoni, naye anapita bila kuambulia hata namba ya simu.

Kwa mabango, kadi za mwaliko na matangazo ya mitandaoni, naamini kuna njia bora. Chagua rangi moja kuu, tazama ipi inakaa mkabala nayo, kisha iruke hiyo na uchukue majirani zake wawili. Kwenye duara la wachoraji lenye rangi 12, kama lile la Johannes Itten aliyefundisha Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, kijani inatazamana na nyekundu. Ukiiruka nyekundu unapata chungwa lenye wekundu upande mmoja, na upande wa pili zambarau nyekundu, ambayo ukiitia giza inaikaribia damu ya mzee. Mvutano unabaki, ila hakuna tena rangi mbili zinazokabana koo.

Sababu yake ilifanyiwa kazi zamani. Mkemia Michel-Eugène Chevreul alianza kusimamia utiaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, mwaka 1824. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipochunguza aliona dawa ya kutia rangi haina kasoro. Rangi za nyuzi zilizolala kando ndizo zilizoifanya nyeusi ionekane vile. Mwaka 1839 alichapisha kanuni yake: rangi zikikaa pamoja, kila moja huisukuma mwenzake mbali nayo. Ndiyo maana kijani huikoleza nyekundu, na nyekundu nayo hurudisha fadhila, mpaka jicho linachoka.

Chukua mfano wa kamati ya harusi iliyokuja na rangi zake, kijani na damu ya mzee. Wengi wetu tungezigawa sawa kwa sawa. Mimi ningeiachia kijani karibu kadi nzima, damu ya mzee ikae kwenye ukingo na majina ya maharusi juu ya karatasi ya rangi ya maziwa, halafu chungwa lionekane mahali pamoja tu, tuseme kwenye ua dogo la pembeni. Rangi tatu zenye nguvu sawa ni fujo, hata kama zimetoka kwenye duara kwa vipimo sahihi.

Hapo kuna mtego mwingine: duara lenyewe si moja. Kwenye duara la wachoraji, bluu inatazamana na chungwa, kwa hiyo majirani ni chungwa lenye unjano na chungwa lenye wekundu. Kwenye duara la mwanga, linalofuata rangi za skrini, bluu inatazamana na njano, na majirani ni chungwa na kijani yenye unjano. Bluu ni ileile, majibu ni tofauti kabisa. Binafsi napendelea la wachoraji, kwa sababu bluu pamoja na yale machungwa mawili inatulia. Lakini jua programu yako inatumia lipi kabla ya kuiamini.

Na usitegemee majirani waokoe maandishi. Nyekundu FF0000 juu ya kijani 008000 (hizo ni namba za rangi kwenye kompyuta) ina uwiano wa mwangaza wa takriban 1.3 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zisomeke na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Ukibadilisha nyekundu hiyo kwa chungwa kali lenye wekundu unasogea kidogo tu, hufiki hata 2. Kinachookoa ni giza na mwanga. Kijani nzito kama 003D1F ikibeba maandishi ya chungwa hafifu FFB380, uwiano unapita 7 kwa 1. Hata mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani ataisoma namba ya simu bila kuuliza.

Kwa hiyo geuza kazi yako iwe nyeusi na nyeupe kabla ya kumwonyesha mteja. Maandishi yakipotea, rudi kwenye giza na mwanga kwanza, duara baadaye. Kisha omba nakala moja ya majaribio kwa mchapaji, maana kijani inayong'aa kwenye skrini hufifia ikifika kwenye karatasi, na hapo chungwa lako dogo linaweza kugeuka kuwa ndilo linaloongoza kadi nzima.