Nani aliamua mgonjwa atoke? Rejesta za tiba ya uraibu na afya ya akili, tukizitazama kutoka Mwanza

Mgonjwa wa akili au wa uraibu anapopokelewa, ugonjwa wake hupewa jina kwa umakini mkubwa. Mfumo wa kimataifa wa ICD-10 una alama kwa kila hali: F10 ni matatizo yatokanayo na pombe, F11 ni ya heroini na jamii yake, F20 ni skizofrenia. Siku akiondoka, mara nyingi anaandikiwa neno moja: ameruhusiwa, amepewa rufaa, ametoroka, amefariki. Basi. Na neno hilo ndilo linaloamua kama kuna mtu atakayemfuatilia, na akirudi atapokewa kwa uso gani.

Wanaotetea orodha fupi kama hiyo ya sababu za kutoka wana hoja nzito. Muuguzi wa zamu ya usiku kwenye wodi iliyojaa hana muda wa kuchambua sababu za kila aliyeondoka. Ukimpa visanduku vinne atavijaza sawasawa, ukimpa ishirini atabahatisha. Tena takwimu zinazopanda kutoka vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya, hadi wilayani, mkoani na wizarani zina maana pale tu Misungwi na Ilala wanapohesabu kitu kilekile. Hata Marekani, wanaokusanya kitaifa taarifa za watu wanaotoka kwenye tiba ya uraibu, wameishia kwenye sababu saba: amemaliza tiba, ameacha mwenyewe, ameondolewa na kituo, amehamishiwa kwingine, amefungwa gerezani, amefariki, na nyinginezo.

Lakini tazama walichokitenganisha. Aliyeacha mwenyewe hayuko kundi moja na aliyeondolewa na kituo. Kwetu hawa wawili huchanganywa kirahisi, na hapo ndipo wagonjwa wengi wanapotupotea.

Chukua tiba ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, ambayo kwa Mwanza inatolewa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Dawa hii kwa kawaida hunywewa kila siku, mbele ya mhudumu. Sasa fikiria kijana anayevua dagaa. Kalenda yake ni ya mwezi: giza likiingia, mitumbwi inatoka na taa zake, naye anatakiwa kambini Ukerewe, Ukara au Kome, mbalamwezi ikirudi, anapumzika na kushona nyavu. Akifuata kazi anakosa dozi siku kadhaa mfululizo. Akirudi hapewi kipimo kilekile kabla ya kuangaliwa upya, kwa sababu mwili umeanza kukisahau na kinaweza kumzimia pumzi. Akikawia zaidi, anafutwa. Kitabuni anakaa mstari mmoja na yule aliyerudi kwenye unga kwa sababu arosto, yale mateso ya kuikosa dawa, ilimshinda, ilhali mmoja alihitaji mshauri wa kumsikiliza na mwenzake alihitaji mpango wa dozi unaoendana na ziwa. Hesabu ya mwisho wa mwezi haiwezi kumwonyesha mganga mfawidhi tofauti hiyo.

Wodi za akili nazo zina mambo yake. Mgonjwa wa Kwimba au Magu ana ndugu anayemletea chakula, anayemfulia, anayelala nje kwenye mkeka. Mvua za kwanza zikinyesha, ndugu huyo anahitajika shambani, na hakuna wa kumpokea. Basi mgonjwa anaondoka naye. Wengine huchukuliwa na familia kupelekwa kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi. Wote wataandikwa wameondoka kinyume cha ushauri wa daktari, ingawa mgonjwa mwenyewe pengine hakuulizwa.

Suala linaloniumiza zaidi ni la kufukuzwa. Nyumba za upataji nafuu, wanakoishi waraibu wanaoacha dawa, zina sheria kali, na sababu ipo: kete moja ya unga ikiingia bwenini, watu wanaojikongoja kutoka kwenye uraibu wanaweza kuanguka wote usiku mmoja. Mwenye nyumba akimtoa aliyeiingiza, simlaumu haraka. Ila huyo kijana ametolewa kwa kuonyesha dalili ileile iliyomleta. Na baada ya wiki kadhaa bila heroini, kiasi alichozoea zamani sasa kinaweza kumuua. Kituo kinapaswa kuandika kwamba kimemwondoa, kwa sababu gani, na kimemwelekeza wapi. Kuandika kwamba ametoroka ni kumbebesha mgonjwa uamuzi wa wenye kituo.

Hata "amemaliza tiba" nina mashaka nayo. Nyumba ya miezi minne inaweza kusema hivyo, kalenda imekwisha. Kwa methadoni, kuendelea kunywa miaka ndiyo mafanikio yenyewe kwa wengi. Kliniki ikipimwa kwa idadi ya waliomaliza, itashawishika kupunguza dozi mapema.

Kwa hiyo nakubaliana na wanaotaka orodha fupi, ila iongezwe maswali mawili tu: nani aliamua atoke, na anakwenda wapi. Hayo hayamchoshi muuguzi. Kisha apigiwe simu ndani ya wiki ya kwanza, kwa kuwa wiki za mwanzo baada ya kutoka wodi ya akili ndizo zenye hatari kubwa ya kujiua, na kwa waliotoka kwenye tiba ya heroini ndizo za kuzidisha dozi.

Pingamizi kubwa ni kwenye hiyo simu. Kambini simu moja hutumiwa na watu kadhaa, na tajiri mwenye mtumbwi akisikia kwamba fulani anatafutwa na kliniki ya methadoni, nafasi yake inaweza kupewa mwingine kesho yake. Hili linatatulika siku ya kupokelewa: mgonjwa aulizwe apigiwe nani, kwa namba ipi, na anayepiga ajitambulishe vipi. Majibu yaandikwe kwenye faili akiwa bado amekaa hapo.