Tulivyopigwa Agincourt na mipira yetu wenyewe

Dairekta wetu aliamua Henry V ya Shakespeare tuicheze kwa macho ya Wafaransa, yaani Henry, mfalme wa Uingereza, ndo mvamizi, hotuba zake tamu zote zimekatwa, na sie tuliovamiwa ndo wenye uchungu. Wazo zuri, sikatai. Mi nikapewa Charles d'Albret, kamanda wa jeshi, na deraya ya makopo na helmeti inayojifunga yenyewe kila nikiinamisha kichwa.

Sasa kwenye ile tamthilia mwana wa mfalme wa Ufaransa anamtumia Henry kasha la mipira ya tenisi kumdhihaki, kwamba we mtoto nenda kacheze. Kwetu likawekwa onyesho zima la kuipakia, kwa madaha kabisa. Halafu kasha likaachwa pembeni ya steji, wazi, mtu wa vifaa huyoo kaenda kuchati.

Ikafika Oktoba 1415, vita yenyewe ya Agincourt, ile Wafaransa waliyopigwa na Waingereza. Taa nyekundu, ngoma, nami napiga kelele "Mbele!" nikainamisha kichwa kishujaa, helmeti pwaa, giza. Nikachomoka kuelekea nilikodhani wako Waingereza, kumbe ndo kwenye kasha.

Mipira ilimwagika bana! Mashujaa wa Ufaransa wanakuja nyuma yangu mbio, wa kwanza kakanyaga, kamshika wa pili, wa pili kamvuta wa tatu, rundo. Waingereza bado wako nyuma ya pazia wanahangaika na pinde zao, hata mshale mmoja haujarushwa. Wafaransa wa kweli angalau walikuwa na matope ya kusingizia, sie tulianguka kwenye mbao kavu.

Na mfalme Charles VI, yule ambaye inasemekana aliugua akili mpaka akaamini mwili wake ni kioo, alikuwa kwenye kiti chake anasubiri habari za vita. Mpira ukadunda ukampata kifuani. Jamaa akajiangalia taratibuu, akapiga ukunga: "NIMEPASUKA!" Kwenye skripti hiyo haipo. Ukumbi hoi.

Dairekta anafoka kwa kunong'ona tuinuke, nani ainuke na makopo yale? Waingereza wakaingia wakakuta vita imeshaisha, Henry akaokota mpira akautia mfukoni.

Tarishi akaja kusoma orodha ya waliokufa, kwa hesabu ya Shakespeare mwenyewe, Wafaransa 10,000, Waingereza 29, anasoma huku mabega yanatikisika. Kutoka siti za nyuma mtu akapayuka:

"Na mipira mingapi?"