Bahari, fundi na nondo: nani anabomoa nyumba za Bagamoyo?

Mwulize fundi kwa nini kibaraza kimepasuka, atakwambia bahari imekula zege. Mwulize mwenye nyumba, atakwambia fundi kaiba saruji.

Bahari haisingiziwi bure. Upepo huleta chumvi hadi mitaa ya ndani, ikatua ukutani, unyevu ukaipenyeza. Lakini zege lenyewe haliumii sana. Kinachoumia ni nondo, vyuma vilivyolazwa ndani yake. Ndani ya zege zima, ualkali mkali wa saruji, yaani kinyume cha uchachu wa ndimu, huzuia kutu. Chumvi ikifika kwenye chuma, kinga hiyo inatoboka. Kutu nayo hutaka nafasi mara 2 au zaidi ya chuma ilichokila, basi zege linapasuliwa kutoka ndani. Tazama ufa wa pwani: unafuata mstari wa nondo, na pembeni kuna doa la rangi ya chai. Gonga hapo kwa nyundo, panalia kama debe tupu.

Wapenzi wa ujenzi wa kale watakupeleka kwenye magofu ya Kaole, hapa karibu na Bagamoyo: kuta za matumbawe na chokaa, zinazohesabiwa tangu karne ya 13, na zipo. Sawa, ila kuta zile hazina nondo. Vyumba vya nyumba za mawe za zamani ni vyembamba kwa sababu upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Anayetaka sebule ya mita 5 bila nguzo katikati lazima atie chuma.

Hapo ndipo mimi namnyooshea kidole fundi. Karibu na bahari nondo inataka kufunikwa na zege la milimita 50 hivi. Nimeona nondo zimelazwa juu ya mbao za kumwagia zege zenyewe, bila nafasi chini, zege likamwagwa hivyo hivyo. Kisha inaongezwa ndoo ya maji ili mchanganyiko uteleze. Maji hayo yakikauka yanaacha vitundu, njia ya chumvi. Kulimwagilia zege maji siku 7 ili likomae? Siku ya pili mpira umeshakunjwa.

Lakini nani alisema mchanga wa mto ni ghali, chota wa ufukweni? Mara nyingi ni mwenye nyumba mwenyewe. Huo unaingiza chumvi siku ya kwanza, kabla upepo haujavuma. Na kama kisima cha jirani kina maji ya chumvi, fundi achanganye na nini?

Kibaraza kimoja ninachokipita kila siku kilipigwa plasta mpya juu ya kutu ile ile, kikapakwa chokaa, kikapendeza. Ufa umesharudi, palepale.