Naitreti kisimani: kabla hujamlaumu mwenye mahindi

Majibu ya maabara ya maji ya kisima yakirudi naitreti (naitrojeni iliyoungana na oksijeni, inayeyuka majini) iko juu, macho yote yanageukia shambani, ni mbolea ya chumvichumvi hiyo, kesi imeisha. Na hawasemi uongo. Naitreti haishikwi na udongo, mvua kubwa ikipiga siku chache baada ya urea kumwagwa, kile ambacho mmea haujanyonya kinashuka na maji. Eneo zima likiwa na visima vinavyosoma juu karibu sawa, masika na kiangazi, hapo mashamba yana la kujibu.

Ila kisima kimoja kikiwa juu na vya majirani viko safi, mi siendi shambani kwanza, naenda kuinama pale kisimani. Unakuta saruji ya shingoni imepasuka ufa wa kuingiza kidole, dimbwi limetuama pembeni, hatua chache upande wa juu kuna zizi na lundo la samadi linachuruzika maji ya kahawia kila mvua ikinyesha, na shimo la choo liko nyuma ya nyumba. Kipimo kikiruka baada ya mvua halafu kikashuka, hiyo ni njia fupi, maji ya juu yanaingia moja kwa moja.

Watu wanasema basi tupime isotopu za naitrojeni, yaani naitrojeni nzito ni kiasi gani ukilinganisha na nyepesi, tumalize ubishi. Zinasaidia, ukilinganisha na naitrojeni ya hewani, mbolea ya kiwandani husoma karibu na 0, samadi na choo mara nyingi zaidi ya 10 kwa elfu. Shida ni kwamba choo na samadi zinasoma sawa tu, na kwenye maji yasiyo na oksijeni bakteria wakila naitreti ile namba inapanda, mbolea ya dukani ikaonekana kama samadi. Ukikuta na sukari bandia za kwenye soda humo ndani, hapo ndipo unajua maji ya binadamu yamefika, ng'ombe hanywi soda.

Kinachoniuma zaidi ni muda. Maji unayochota leo yanaweza kuwa mvua ya miaka 20 iliyopita, inategemea kina na aina ya mwamba, sasa mkulima amepunguza mbolea misimu mitatu, anaiweka kidogo kidogo kwa awamu, anapanda mazao ya kufunika udongo, halafu kipimo kinapanda na anaambiwa anadanganya. Hadanganyi! Analipia msimu wa mtu mwingine, pengine wa baba yake, na juhudi zake mwenyewe zitaonekana watoto wake wakiwa watu wazima. Kumhukumu kwa kipimo kimoja bila kujua umri wa maji ni kumwonea kabisa.

Na soma kizio kabla ya kugombana. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 50 kwa lita ya naitreti yenyewe, cha Marekani ni 10 lakini kinahesabu naitrojeni tu, ukigeuza ni kama 44. Nimeona watu wakizozana juu ya karatasi moja kumbe kila mtu ana kikomo chake kichwani.

Wakati mnatafuta chanzo, mtoto mchanga wa maziwa ya kopo apewe maji mengine, maana naitreti inaweza kuizuia damu yake kubeba oksijeni. Na msichemshe mkidhani yatapona, maji yanapungua, naitreti inabaki, kinachobaki sufuriani ni kikali zaidi.