Na wapagazi je?

Makala niliyoisoma imemsifia mno Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa ushindi wa Tanga dhidi ya Waingereza, Novemba 1914, ila siasa zake imezipitia juujuu. Huyu mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya Ujerumani, akapoteza kazi jeshini, kisha 1928 hadi 1930 akawa mbunge wa DNVP, chama cha mrengo wa kulia. Haya, tuyaache. Kinachoniudhi ni yaliyotokea Ugogo, eneo la Dodoma, wakati wa vita hivyo. Majeshi yote mawili, lake na la Waingereza, yalichukua nafaka na ng'ombe, ikaja njaa kali iliyoitwa Mtunya. Askari wake Waafrika waliobaki hai walilipwa malimbikizo ya mishahara yao miaka ya 1960. Wapagazi, wengi wao walioswagwa kwa nguvu kubeba risasi, mwandishi hakuwagusa kabisa. Kwa nini?