Roketi za utafiti na vurugu za umeme juu ya ikweta

Hoja ya wanaozipinga roketi za utafiti ni rahisi kuieleza na ngumu kuipangua. Roketi ya aina hii haiingii kwenye mzingo wa dunia. Inapanda, inapima hewa ya juu njiani, kisha inaanguka, mara nyingi baharini, yote ndani ya dakika 10 hadi 20. Miezi mingi ya matayarisho inazaa mstari mmoja wa vipimo, wa usiku mmoja. Setilaiti ya Marekani ya C/NOFS, ya kuchunguza anga hilo la juu, iliyorushwa 2008 na kuporomoka 2015, iliizunguka dunia kila baada ya saa moja na nusu hivi, ikilikatiza anga la ikweta kwa miaka. Sasa roketi za nini tena?

Inategemea unauliza nini. Mwaka 1938 watafiti Booker na Wells waliona katika rekodi za Huancayo, Peru, kwamba baadhi ya usiku mwangwi wa redio kutoka ionosfia, yaani tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, badala ya kurudi safi kama kawaida, hurudi umetawanyika. Kwa ujumla sababu ya vurugu hizo inaeleweka. Jua likizama, elektroni na ayoni za tabaka la chini huungana upesi na kutoweka, ilhali kule juu, kuanzia kilomita 300 hivi, plazma, yaani gesi ya chembe hizo za umeme, hubaki tele, na uga wa umeme wa jioni huisukuma juu zaidi. Ni kama maji yaliyokalia mafuta: lazima yapinduke. Plazma haba ya chini hupenya kwenda juu kwa viputo vinavyoweza kupanda mamia ya kilomita. Mawimbi ya GPS yakipita humo huyumba, na mara nyingine kipokezi huipoteza setilaiti kabisa.

Ndani ya kiputo hicho ndimo roketi inamotetewa vizuri zaidi. Rada ya Jicamarca, karibu na Lima, ni jicho kali, lakini kwa masafa yake ya megahezi 50 hupokea mwangwi wa vurugu za ukubwa wa mita 3 tu. Setilaiti nayo hukikata kiputo kwa ulalo, ikienda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Roketi hukipasua kwa wima na kwa mwendo wa chini zaidi. Kofia yake ikishaachia, mikono inakunjuka, na kipimo cha chuma kilicho kwenye ncha huvuta elektroni na kutoa takwimu maelfu ya mara kwa sekunde. Hivyo huonekana vurugu za kilomita nyingi zikimeguka hadi zile za mita moja au pungufu, ndani ya safari ileile. Sijui chombo kingine kinachofanya hivyo.

Halafu kuna suala la kimo, na hapa naona wapinzani hawana jibu. Mchana, mkondo mkali wa umeme hupita juu ya ikweta ya sumaku, yaani mstari ambako uga wa sumaku wa dunia umelala sambamba na ardhi, kwenye kimo cha kilomita 105 hivi. Maputo ya kupimia hewa hayafiki huko, na setilaiti haziwezi kudumu kwa sababu hewa bado ni nzito kwao. Vipimasumaku vya ardhini vilikuwa vimeuhisi mkondo huo muda mrefu, ila vilishindwa kusema uko wapi hasa. Machi 1949 roketi za Aerobee zilirushwa kutoka meli ya USS Norton Sound, nje ya pwani ya Peru, zikiwa na kipimasumaku. Mojawapo ilipofikia kimo hicho, usomaji ulibadilika ghafla, maana chombo kilikuwa kimeupenya mkondo wenyewe. Dakika chache zilimaliza ubishi ambao vituo vya ardhini visingeumaliza.

Lakini watetezi wa roketi nao wana tabia ya kupitiliza. Timu hukaa macho usiku, rada ikiangalia juu, na kitufe hubonyezwa vurugu zikishaanza au zikikaribia. Huwezi kuchagua usiku mbaya makusudi, kisha ukatumia data yake kueleza kwa nini usiku mwingine ulikuwa shwari. Na swali lenye faida kwa rubani au nahodha ni hilohilo: leo ionosfia itachafuka au haitachafuka? Mwaka 2013, katika jaribio la NASA liitwalo EVEX huko Kwajalein, kisiwani katika Pasifiki, roketi mbili zilirushwa kwa kupishana muda mfupi, zikaacha mawingu ya mvuke yaliyopigwa picha ili kufuatilia upepo wa juu. Mbili ni bora kuliko moja, lakini bado ni usiku mmoja, na ulihitaji anga isiyo na mawingu kwa wapiga picha.

Setilaiti nazo zisipambwe kupita kiasi. Setilaiti ya NASA ya ICON, iliyorushwa Oktoba 2019 kupima upepo wa aina hiyo kwa mbali, ilinyamaza Novemba 2022, na hapakuwa na ya akiba.

Kuna upungufu mwingine usiosemwa sana. Roketi lazima ianguke mahali pasipo na watu, ndiyo maana vituo vyake vya karibu na ikweta viko pwani na visiwani: Thumba nchini India, ambako roketi ya kwanza ilirushwa 21 Novemba 1963, Alcântara huko Brazili, Kwajalein. San Marco, kituo cha Waitalia nje ya pwani ya Malindi, Kenya, ilirusha roketi tangu 1964 na iko karibu sana na ikweta ya jiografia, lakini ikweta ya sumaku iko mbali kaskazini, Ethiopia. Barani Afrika ikweta hiyo inapita nchi kavu kwa masafa marefu kuliko bara lolote, tena ndani ya bara, ambako hakuna bahari ya kupokea roketi. Huko vipokezi vya GPS vilivyofungwa juu ya paa la chuo, vikirekodi kila usiku kwa miaka, vitafichua mengi zaidi kuhusu lini na wapi, na kwa gharama ndogo sana.

Kwa hiyo ningekuwa kwenye meza ya kugawa fedha, andiko linaloomba roketi ili kuboresha utabiri wa vurugu ningelirudisha. Linaloomba kupima uga wa umeme na upepo kwa pamoja kati ya kilomita 90 na 150 ningelipitisha, kwa sharti kwamba vipokezi vya ardhini viwe vimewashwa mwaka mzima kabla ya roketi kuruka na vibaki vimewashwa baada yake.